Jezi Namba Nane Imerudi Safi

Ipo nchi moja ambayo jina lake nimelisahau kwa makusudi, na mipaka yake naomba msiniulize. Ni nchi ya watu wema, wanaopenda amani, chai ya maziwa na mpira wa miguu. Katiba yao ina ibara tisini na tatu, na kumi na saba kati ya hizo zinahusu mpira. Moja inasema ni kosa la jinai kumwambia mwamuzi ukweli kabla ya dakika ya arobaini na tano.

Katika nchi hiyo mtu haondoki hivi hivi. Mwananchi akipata kazi ng'ambo, jina lake hubandikwa ubaoni siku ishirini na moja, kama wanavyotangazwa wachumba kanisani, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Sheria hiyo ilitungwa zamani kwa ajili ya wanaume waliokuwa wakikimbia wake zao, ikaonekana tamu, ikapanuliwa mpaka ikamgusa kila mtu. Madaktari na walimu hawakuwahi kupingwa hata mara moja. Hao waliondoka kwa makundi, wakaagwa kwa ngoma na kupungiwa leso.

Kisha Jumatatu moja likabandikwa jina la Sadoki Lwambo.

Ukitaja Sadoki Lwambo pale mjini watu watakutolea macho, lakini sema Kiberiti, hata kuku watageuza shingo. Kiberiti alikuwa mshambuliaji wa klabu ya Radi, jezi namba nane, kijana mwembamba wa miguu ya kupinda aliyekuwa akiwasha uwanja mzima kwa kugusa mpira mara mbili. Timu moja ya ng'ambo, nchi ya baridi na mvua, ilikuwa imemtaka. Naye alikuwa ametaka kutakiwa.

Mji ukapandwa na mori. Watu waliandamana kutoka sokoni hadi uwanjani wakipiga masufuria, "Hatoki mtu! Hatoki mtu!" Kinyozi wa stendi aligoma kumnyoa yeyote mpaka kieleweke, akawaacha wateja watatu wamenyolewa nusu kichwa. Shehe aliuombea mguu wa kulia wa Kiberiti, padri akauombea wa kushoto. Ila ili mtu apinge kisheria, ilimpasa kwenda masijala ya Wizara ya Michezo, Urithi na Vitu Visivyohamishika, achukue fomu namba arobaini, aijaze, aitumbukize katika sanduku la bati. Habari ya fomu haikutajwa katika maandamano. Watu wa nchi ile wana koo imara, ni kalamu tu inayowaelemea.

Sasa tumwendee Mzee Ngwali Faki, maana hadithi hii ni yake, ingawa yeye angependa iwe ya mtu mwingine.

Ngwali alikuwa dobi wa Radi. Miaka ishirini na mbili alikuwa amezifua jezi za klabu ile kwa mikono yake, akazianika, akazipiga pasi ya mkaa. Mechi zote alikwenda kutazama, lakini hata asingekwenda angeweza kukusimulia mchezo kwa kuangalia nguo tu. Doa la majani ubavuni: Kiberiti ameangushwa akiingia kwenye boksi. Tope mgongoni: amefunga, na wenzake wamemlalia. Chumvi nyeupe kwapani: wamecheza mpaka dakika za nyongeza. Jezi namba nane ilikuwa chafu kuliko zote, na ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Aliifua peke yake, kwenye beseni lake, na mkewe Bi Mize alikuwa akisema kwamba laiti yeye angekuwa jezi angeheshimiwa zaidi nyumbani humo.

Wiki moja kabla jina halijabandikwa, Kiberiti mwenyewe alikuwa amepita kwa dobi, akachutama kando ya beseni.

"Mzee wangu, nimepata," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuja kwako kabla sijamwambia kocha. Niombee dua."

Ngwali aliinua mikono yenye povu. "Mungu akufungulie njia, mwanangu."

"Amin."

"Amin," Ngwali naye akasema.

Aliisema kwa mdomo. Lakini moyo haukuwa umeitikia. Usiku hakulala, mchana hakula. Akijaribu kufikiria Radi bila Kiberiti, anaona jezi kumi na moja safi zimeninginia kwenye kamba, basi. Siku ya tatu baada ya tangazo akawauliza watu pale stendi kama wameshajaza fomu.

"Mimi?" kinyozi alishangaa. "Mimi nilijaza ya kwanza kabisa!"

"Nimejaza mbili," akasema muuza mihogo. "Moja ya mke wangu."

Ngwali akajisemea, basi, kwenye fomu elfu, yangu ni tone tu. Haitamzuia kijana wala haitamruhusu, lakini angalau nitakuwa nimetoa la moyoni. Akaenda masijala. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa sababu. Alitaka kuandika mengi, juu ya tope na majani na chumvi, nafasi ikawa haitoshi. Akaandika maneno matatu: *Tutabaki na nini?* Akatia sahihi, akaitumbukiza. Akaisikia karatasi ikitua chini kabisa, kwenye bati tupu. Hakulitilia maanani.

Siku ya ishirini na mbili, redio ikakatiza taarabu.

"Wananchi milioni kumi na moja na laki nne," alisema Waziri wa Michezo, Urithi na Vitu Visivyohamishika, "wamempinga ndugu Sadoki Lwambo kuondoka nchini. Pingamizi lililopokelewa kimaandishi ni moja. Lakini kwa mujibu wa kanuni, asiyepinga pingamizi naye amepinga. Kwa hiyo tumejumlisha."

Ngwali alikuwa anapiga pasi kanzu ya imamu. Pasi ikatulia palepale mpaka kanzu ikaanza kutoa moshi.

"Moja?" Bi Mize alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kelele zote zile, masufuria yote yale, moja?" Akamtazama mumewe, akaitazama kanzu. "Baba Khamisi, hiyo moja ni ya nani?"

"Nilidhani wako wengi."

"Sikukuuliza ulidhani nini."

Ngwali akainua pasi. Alama yake ilibaki katikati ya mgongo wa imamu, kahawia, imekamilika pande zote.

*

Kiberiti alitangazwa kuwa Mali ya Taifa Isiyohamishika Jumamosi iliyofuata, uwanjani, mbele ya umati. Waziri alivaa suti ya vipande vitatu na kofia ya ujenzi, kwa kuwa shughuli ilihusu rasilimali.

"Ndugu wananchi! Mlima hauhami! Ziwa halihami! Mto hauhami!"

"Mto unahama," alisema mtu mmoja kwa nyuma, akachukuliwa kwenda kupewa elimu.

"Kuanzia leo, kijana huyu ni mlima!"

Akaja ofisa wa ugavi na kopo la rangi nyeupe na bati lililotobolewa herufi, lilelile wanalopigia namba kwenye meza na makabati ya serikali. Akaipiga namba ya mali juu ya bukta ya Kiberiti, akapuliza ikauke. Kiberiti alisimama wima, mikono pembeni, akitazama mbele kama mtu anayepimwa nguo ambayo hakuagiza.

Kisha ikaja zamu ya kumtunza yule mwananchi mwenye pingamizi. Serikali ya nchi ile haitaji majina ya watu wanaoisaidia, ni siri yake kubwa na ya pekee. Basi kikaletwa kiti kitupu kilichofunikwa kitambaa cha kijani. Waziri akakisifu kiti kwa dakika ishirini. Akasema kiti kimeuliza swali zito kuliko maswali yote ya karne: Tutabaki na nini? Akakivisha kiti nishani, akakipigia saluti. Halafu akamwamuru Kiberiti akishukuru kiti kwa niaba ya vizazi vijavyo, na Kiberiti akainama, akakikumbatia.

Uwanja mzima ulilia machozi. Ngwali alikuwa amesimama kwenye uzio na kapu la jezi kichwani, na watu wa kushoto na wa kulia kwake wanapiga makofi. Akalishusha kapu, na yeye akapiga. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko lile la fomu, kwamba alipiga makofi na aliyapiga kwa nguvu.

*

Mali ya taifa ina kanuni zake. Mchezaji yeyote haruhusiwi kumsogelea Kiberiti ndani ya mita tatu. Mshika kibendera alipewa utepe wa kupimia. Kipa aliruhusiwa kuruka, mradi arukie upande mwingine.

Mechi ya kwanza Kiberiti alifunga mabao kumi na manne, mji ukakesha kwa furaha. Ya pili, ishirini na mawili, mji ukalala mapema. Ya tatu watu waliondoka kabla ya mapumziko, na muuza karanga akafunga kapu lake akasema hajawahi kuona msiba wenye mabao mengi namna hii. Kiberiti alijaribu kila njia. Alimkimbilia beki mmoja huku amefungua mikono, akimwomba, "Niguse tu, kaka, nisukume kidogo!" Beki ana wake wawili na watoto, alikimbia mpaka akapanda jukwaani, akaketi na mashabiki.

Na jezi ilirudi kwa dobi ikiwa safi.

Ngwali aliigeuza ndani nje. Akaipeleka pembeni, kwenye jua. Hapakuwa na jani wala tope. Akainusa, akasikia harufu ya wanga na sabuni aliyoitia yeye mwenyewe wiki iliyopita. Hata hivyo akaifua, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Alisugua, akasuuza, akamwaga maji, na maji yalikuwa meupe kama alivyoyachota.

Aliona haya. Hakuona haya mbele ya watu, maana watu hawakujua. Aliona haya mbele ya lile vazi.

Mambo hayakuishia hapo. Maneno yake matatu yalikuwa yamepakwa kwenye kuta za shule na zahanati, na wachapaji wakayatia kwenye khanga. Wanawake wa mtaa mzima walimletea azifue. Kutwa nzima dobi akawa anasugua *Tutabaki na nini?* kwenye maji ya povu, na rangi ya khanga zile ilikuwa nzuri, haitoki.

"Nenda ukaliondoe hilo pingamizi lako," Bi Mize alimwambia. "Umelitia kwa mkono, litoe kwa mkono."

Akaenda. Masijala alimkuta karani aitwaye Bibi Editha, mwanamke mpole mwenye mihuri saba na kikombe kimoja.

"Kuondoa inawezekana kabisa, mzee wangu," alisema Bibi Editha, akafurahi kupata mteja. "Fomu namba arobaini na moja. Unajaza hapa, unaweka dole gumba hapa, kisha tunakupeleka uwanjani siku ya mechi, unatajwa kwenye vipaza sauti, jina, kazi na mtaa unaoishi, na unaeleza kwa nini umeacha kuipenda nchi."

"Hadharani?"

"Uzalendo huingia kwa mlango wa nyuma, mzee, lakini hutoka kwa mlango wa mbele. Kanuni ya sita."

"Na yeye atakuwepo? Kiberiti?"

"Atakaa kwenye kile kiti, akutazame. Niandike jina?"

Ngwali aliiona kalamu ikigusa karatasi. Aliyaona macho ya yule kijana aliyechutama kando ya beseni akisema amin.

"Nimeacha pasi inawaka nyumbani," alisema, akatoka mbio. Pasi haikuwa inawaka. Alikuwa ameizima mwenyewe, na majivu akayamwaga kwa uangalifu kabla hajaondoka. Njia nzima alijiita mwoga, kimoyomoyo kwanza, halafu kwa sauti, mpaka watoto wa shule wakadhani anawasemesha, wakamwamkia shikamoo.

*

Mwezi wa tano tangu apigwe namba, Kiberiti alikuja kwa dobi tena, akachutama palepale. Alikuwa amenenepa mashavu. Askari wawili wa kulinda urithi walibaki mlangoni.

"Mzee Ngwali, iko njia," alinong'ona. "Mali ya serikali haihami, lakini ikichakaa inatolewa. Kuna Bodi ya Mali Chakavu. Wanataka shahidi mmoja tu anayeijua mali kwa karibu, aape kwamba haifai tena. Nimefikiria watu wote. Mama yangu hawamkubali, wanasema ana maslahi. Kocha anaogopa. Nikasema, ni nani aliyenishika miaka sita yote mpaka jasho langu? Ni wewe."

Bi Mize alikuwa mlangoni mwa jiko. Alimwangalia mumewe, na macho yake yalisema neno moja: mwambie.

"Watakutukana," Kiberiti aliendelea. "Watasema umeniuza. Siwezi kukulazimisha, baba. Lakini aliyenifanyia hivi sijui ni nani, na anayeweza kunifungua namjua ni mmoja."

Ngwali akafungua mdomo. Neno lilikuwa limefika ulimini, hakika lilifika. Angesema, mwanangu, huyo usiyemjua umeketi kwake. Badala yake akasikia sauti yake ikisema, "Nitakwenda."

Kiberiti alimshika ile mikono yenye povu, akaibusu. Bi Mize akageuka akaingia jikoni, na sufuria moja likaanguka kwa kishindo ambacho si cha bahati mbaya.

*

Bodi ya Mali Chakavu ilikaa katika ghala, wajumbe tisa juu ya matairi, kwa sababu viti vyao vilikuwa vimeshathibitishwa kuwa chakavu. Mwenyekiti alisoma maswali kutoka kwenye fomu iliyotungwa kwa ajili ya magari.

"Shahidi, mali hii inawaka asubuhi?"

"Zamani iliwaka, mheshimiwa."

"Inavuja?"

"Ilikuwa inavuja jasho. Siku hizi haivuji." Ngwali akafungua kapu lake, akatoa jezi nane za namba nane, akazitandaza mezani. "Hizi ni za mechi nane za mwisho, waheshimiwa, kila mechi na jezi yake. Sijazifua hata moja."

Wajumbe wakazishika. Wakazinusa kwa zamu, mmoja mpaka akavua miwani. Walikuwa watu wa mpira pia, wote tisa, na kwa kitambo kidogo katika ghala lile hapakuwa na ofisa.

"Hazinuki chochote," alisema mwenyekiti, polepole.

"Hazinuki, mheshimiwa."

"Basi uape. Useme kwa kinywa chako, karani aandike, kwamba mali hii haifai."

Kiberiti alikuwa amekaa mbele yake, na namba imefifia kwenye bukta. Ndiye aliyeliomba neno lile. Ndiye aliyemfundisha jinsi ya kulisema.

"Hafai," alisema Ngwali.

Na kijana, aliyelitaka, aliinamisha kichwa kama aliyepigwa.

Mnada ulifanyika palepale. Fungu namba nne lilikuwa mchezaji mmoja, viti vitatu visivyo na miguu na feni isiyozunguka. Wakala wa ile timu ya ng'ambo alisema anamtaka mchezaji tu, akaambiwa fungu halivunjwi. Wakaondoka na vyote.

Mji ulipopata habari, ulimgeukia dobi. Walimwita msaliti, kibaraka, muuza watu. Kinyozi alikataa kumnyoa. Muuza mihogo alimrushia maganda. Mtu mmoja, katikati ya wanawake waliovaa khanga alizozisugua Ngwali mwenyewe, alimtemea mate miguuni akamwuliza, "Haya, tutabaki na nini sasa?" Ngwali aliyapokea matusi yale yote, na usoni alionekana kama mtu anayelipwa haki yake. Shida ni kwamba walimtukana kwa jema alilolitenda, na lile baya walikuwa wamelivisha nishani, limekaa kwenye kile kiti cha uwanjani.

*

Mwaka ulipozunguka kilifika kifurushi chenye stempu ngeni. Ndani mlikuwa na jezi ya rangi asiyoijua, namba nane. Ilikuwa chafu! Tope jeusi lilikuwa limekauka kutoka bega hadi pindo, majani ubavuni pande zote mbili, na mkono mmoja umechanika kwa kuvutwa. Ngwali aliikunjua juu ya magoti, akacheka, akalia, akaisoma mechi yote tangu dakika ya kwanza. Waliangushana sana. Kijana alifunga mara moja, karibu na mwisho, na wenzake wakamlalia.

Barua ilikuwa fupi. Bi Mize ndiye aliyeisoma, kwa kuwa miwani ya mumewe ilikuwa imelowa.

"*Mzee wangu shikamoo. Huku kuna matope wewe acha tu, na wananipiga viatu mpaka raha. Mashine zao haziitakasi hii, ndiyo nakuletea. Vile viti bado tunavyo, tunavikalia hivyohivyo. Nasikia mjini wanakutukana kwa ajili yangu. Wasamehe, mimi nimewasamehe wote, na Waziri nimemsamehe. Mmoja tu nimeshindwa, yule aliyeandika lile pingamizi. Wewe unafulia mji mzima, iko siku utamjua. Ukimjua usimfanyie ubaya wowote. Ila akikuletea nguo zake, usimfulie. Mwanao, Sadoki.*"

Bi Mize aliikunja barua, akaiweka chini ya pasi.

Ngwali aliifua jezi kwa maji matatu mpaka ikatakata, akaishona mkono, akairudisha ng'ambo. Wateja nao walirudi mmojammoja, maana hasira hupita lakini nguo huchafuka kila siku. Hadi leo ukienda katika nchi ile utamkuta pale stendi, na akikupokea shati lako la kazi utalivaa kama jipya. Ila yeye mwenyewe utamwona na shati lililokakamaa, kola nyeusi, na nusu ya kwapa imeliwa na chumvi. Mkewe amejaribu mara nyingi kumvua alifue, na kila mara yeye hulishika kwa mikono miwili.

Wageni humwuliza. Inakuwaje, mzee, dobi hodari namna hii, na shati lako liko hivi?

"Hili," huwajibu, huku anapuliza mkaa wa pasi, "nimekatazwa."